Aliye Juu Mngojee Chini: Ramani ya Msitu Ulioangushwa na Dhoruba ni ya Nani?

Ndugu mwanaparokia, ndugu kiongozi wa walei,

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Kilikuwa kimekwisha kupungua nguvu, lakini mvua iliyoambatana nacho haikupungua. Maji yalizoa madaraja ya Kilwa, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika, na kwa siku kadhaa sisi watu wa kusini tuliishi kama watu wa kisiwani. Hayo mnayakumbuka, wala sina haja ya kuwasimulia. Ninalotaka kuwasimulia ni lile lililofuata miezi michache baadaye, wakati matope yalikwisha kukauka na magazeti yalikwisha kutusahau.

Katika kijiji kimoja ambamo tunacho kigango, ililetwa karatasi kubwa yenye rangi. Ilikuwa ramani ya msitu wa kijiji. Sehemu moja ilipakwa kijani, na sehemu kubwa zaidi ilipakwa nyekundu. Kijana mstaarabu aliyeileta alieleza kwamba picha hizo zimepigwa na setilaiti, na kwamba penye wekundu ndipo msitu ulipoharibiwa na dhoruba. Nyuma yake alisimama mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa tayari, kwa moyo wa huruma, kuja na misumeno yake na “kuusafisha” msitu huo uliokufa.

Mzee mmoja akainua mkono. Akauliza, “Mwanangu, picha hii ilipigwa mwezi gani?”

Kijana akaitazama karatasi juu na chini. Tarehe haikuwapo. Akasema, “Nisamehe, mzee wangu, ngoja niulize.” Akapiga simu, na jibu likaja: picha ya kwanza, ile ya kabla ya dhoruba, ilikuwa ya Aprili, ya pili, ile ya baada yake, ilikuwa ya Septemba.

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mzee akasema, “Mwezi wa Septemba hata mimi ningekuwa mti ningekuwa sina majani.”

Ninyi mliozaliwa huku mmekwisha kuelewa. Msitu wetu wa miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, mwaka hadi mwaka, iwe dhoruba imepita au haikupita. Aprili ni kijani, Septemba ni kijivu. Chombo kilichopewa picha hizo mbili kilijibu kwa uaminifu kwamba kijani kimetoweka. Hakikudanganya. Aliyedanganya, au aliyedanganyika, ni yule aliyekiuliza swali lisilo sahihi na kisha akaliita jibu lake ukweli wa sayansi.

Kicheko kile ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kwa maana kama mzee yule asingekuwapo, au angekuwa amechelewa njiani, mkutano ungepiga makofi, muhtasari ungeandikwa, na mpingo na mninga wa kijiji kile ungekuwa umekwisha kupanda lori.

1. JICHO LA ANGANI HUONA NINI?

Tusiogope jambo tusilolijua, tulijue kwanza. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia na kupiga picha kila kinapopita. Marekani ilianza kurusha setilaiti za mfululizo uitwao Landsat mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure kwa mtu yeyote. Nchi za Ulaya nazo zina setilaiti ziitwazo Sentinel, ambazo picha zake pia ni bure. Sentinel-2 hutazama mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, ule tuuonao kwa macho na ule tusiouona. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi sana sehemu fulani ya mwanga huo usioonekana. Jani likikauka au likianguka, mrudisho huo hupungua. Basi wataalamu huchukua picha ya kabla na picha ya baada, wakazilinganisha doa kwa doa, na penye upungufu mkubwa wakapaka rangi. Hiyo ndiyo ramani ya uharibifu. Si uchawi, wala si siri.

Kila doa la picha ya Sentinel-2, hata likiwa bora kabisa, ni mraba wa mita 10 kwa mita 10. La Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani kiwanja cha nyumba na zaidi. Ndani ya mraba huo chombo hakihesabu miti. Huchanganya mti uliosimama, mti ulioanguka, kichaka, ukoka na udongo, kikatoa wastani mmoja tu. Mninga mmoja wa thamani ukianguka kati ya wenzake kumi, huenda chombo kisione chochote.

Tena wingu ni pazia. Vimbunga vyetu huja wakati wa masika, na masika ndiyo majira ambayo pwani yetu hufunikwa na mawingu kwa wiki nyingi. Ndiyo maana yule mwenye ramani alijikuta akitafuta picha safi hadi akafika Septemba. Iko rada, ambayo hupenya mawingu na kufanya kazi usiku na mchana. Lakini nayo huyumbishwa na maji yaliyotuama chini ya miti. Katika mikoko, picha ya maji kujaa na picha ya maji kupwa ni picha mbili tofauti za msitu ule ule. Kila mvuvi anajua leo ni bamvua au ni maji mafu. Je, aliyetengeneza ramani aliuliza?

2. TUSEME KWELI: JICHO HILO LIMETENDA MEMA

Haki haijengwi kwa uongo, hata uongo unaotupendeza. Wako ndugu zetu wanaosema kwamba mambo haya ya angani ni ya wazungu na hayatuhusu. Wanakosea, na nitawaonyesha jinsi wanavyokosea.

Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga karibu na mji wa Beira, Msumbiji. Watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kabla machozi hayajakauka, tarehe 25 Aprili mwaka ule ule, kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu Wamakonde na Wamwani, ambao lugha yao na yetu ni kama shangazi na mpwa. Barabara zilikatika, na katika mkoa huo vita vilikuwa vimeanza tangu Oktoba 2017. Katika siku kama hizo, picha za setilaiti zilizotolewa chini ya mapatano ya kimataifa ya kusaidiana wakati wa majanga ziliwaonyesha waokoaji ni wapi maji yalitanda na ni vijiji gani vilikatwa. Anayedharau hilo amdharau pia yule mama aliyefikiwa akiwa juu ya mti.

Kuhusu misitu nako jicho hilo limewahi kusimama upande wa haki. Mwezi Januari 2005 dhoruba kali ilivuka Amazonia, nchini Brazili. Mwaka huo huo kulikuwa na ukame mkubwa, na miti mingi iliyokufa ikahesabiwa kuwa imeuawa na ukame. Baadaye watafiti walilinganisha picha za Landsat, kisha wakaingia msituni kwa miguu kukagua, wakaona kwamba katika eneo la Manaus peke yake dhoruba ile iliangusha kati ya miti laki 3 na laki 5. Mwaka huo huo wa 2005, kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani, na kwa njia hiyo hiyo ya picha pamoja na ukaguzi wa ardhini ilikadiriwa kwamba miti mikubwa ipatayo milioni 320 ilikufa au kujeruhiwa vibaya. Hakuna jeshi la mabwana misitu ambalo lingeweza kuhesabu hivyo kwa miguu peke yake.

Lakini angalieni neno nililolirudia: picha pamoja na miguu. Hakuna hata mmoja kati ya watafiti wale aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta, akapaka rangi nyekundu, kisha akapeleka misumeno.

3. WEKUNDU ULIO HAI NA KIJANI KINACHOKUFA

Twende sasa kwenye mikoko, maana hapo ndipo hekima ya wenyeji inapopita mashine zote. Delta ya Rufiji, mkabala na kisiwa cha Mafia, ndiyo yenye eneo kubwa kuliko yote la mikoko iliyoungana katika Afrika Mashariki. Mtu wa delta hasemi “mikoko” kwa ujumla kama tusemavyo sisi wa barabarani. Anajua mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Anajua pia kwamba miti hiyo haifi namna moja.

Mchu ukivunjwa matawi, hata ukikatwa, huchipua tena. Mkoko mkubwa haufanyi hivyo: upepo ukiung'oa majani yote na kuvunja matawi yake, kwa kawaida haurudi, kwa kuwa hauna machipukizi yaliyolala katika mti wake wa zamani. Sasa fikirini wiki moja baada ya dhoruba. Kutoka angani, mchu uliopukutika na mkoko uliopukutika ni wekundu mmoja. Kwa jicho la setilaiti vyote viwili ni maiti. Kwa jicho la mvuvi mmoja ni maiti, na mwingine ni mgonjwa atakayepona.

Kinyume chake pia hutokea. Dhoruba huleta mchanga na matope mengi. Mchu hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya tope. Vijiti hivyo vikifukiwa, mti hubaki na majani mabichi kwa muda, kisha hufa polepole. Ramani ya wiki ya kwanza itaupaka kijani na kuandika “salama”. Mama anayeokota kaa pale atajua miezi mingi kabla ya ramani kwamba msitu huo unakufa.

Mfano upo, wala si wa kubuni. Mwaka 2000 kimbunga Eline kiliipiga delta ya mto Save, Msumbiji. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba karibu nusu ya mikoko ya pale ilipotea. Watafiti walirudi zaidi ya miaka kumi baadaye, wakatembea. Waliona kwamba baadhi ya sehemu zilikuwa zimejiotea zenyewe, na nyingine hazikurudi kwa sababu mchanga ulizifukia na kuzuia maji ya bahari. Picha iliwaambia kuna jeraha; miguu ikawaambia ni jeraha gani linapona lenyewe na ni lipi linahitaji mganga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

4. BAADA YA UPEPO HUJA WENYE SHOKA

Wengine wataniuliza: Baba, kwa nini Tume ya Haki na Amani ishughulike na rangi za ramani? Kwa sababu historia ya pwani yetu inatufundisha kwamba dhoruba huangusha miti kwa usiku mmoja, lakini huhamisha mali kwa miaka mingi.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho iliangamia, wakati Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na wenye mitaji wakapanda upya. Lakini ni mikono ya nani iliyopanda? Utumwa haukufutwa Zanzibar hadi mwaka 1897. Upepo haukuwa na upendeleo. Watu waliokuja baada ya upepo ndio waliokuwa na upendeleo. Aliyekuwa na hati alipona. Asiyekuwa na kitu alibebeshwa mzigo wa kuotesha upya utajiri wa mwingine.

Linganisheni na jambo la karibuni. Tarehe 8 na 9 Januari 2005 dhoruba iitwayo Gudrun iliangusha kusini mwa Uswidi miti yenye ujazo upatao mita za ujazo milioni 75, karibu sawa na mavuno ya nchi ile nzima kwa mwaka mmoja. Karibu nusu ya misitu ya Uswidi ni mali ya watu binafsi na familia zao. Haki yao haikuwa na shaka: mti ulioanguka katika shamba la mtu ulikuwa mti wake, na serikali iliwapa nafuu ya kodi kwa mbao za dhoruba. Palikuwa na hasara kubwa, na palikuwa na machozi. Lakini hakuna aliyemwambia mkulima kwamba kwa kuwa mti wake umeanguka, sasa si wake tena.

Huku kwetu hilo ndilo tunaloambiwa kwa lugha laini. Msitu ukisimama, ni wa kijiji. Ukipakwa nyekundu, ni “uharibifu”, na uharibifu hauna mwenyewe. Neno moja limefanya kazi ambayo wizi wa mchana usingeifanya.

Mnakijua kisa cha Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Shamba lake la mizabibu halikuchukuliwa kwa mkuki. Lilichukuliwa kwa barua zilizopigwa muhuri wa mfalme, na kwa wazee wa mji waliokubali kusoma kilichoandikwa bila kuuliza. Leo barua huja na rangi na alama za kompyuta, lakini wazee wa mji wanaokubali bila kuuliza bado tunao, na baadhi yao huketi viti vya mbele kanisani.

5. TUNAJIBU WANAOTUPINGA

Wanasema: “Haya ni mambo ya wataalamu, mwanakijiji hawezi kuelewa.” Mzee wa kigango kile alielewa kwa dakika moja jambo ambalo ofisi nzima haikuling'amua. Mtu anayejua kila mti hupukutika lini si mjinga wa ramani. Ni mtaalamu wa upande wa pili wa ramani. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba katika mijadala ya namna hii wakazi wa mahali husika wapewe nafasi ya pekee. Nafasi ya pekee haina maana ya kuitwa ili kupiga makofi.

Wanasema: “Mkiwaonyesha wanakijiji mahali penye miti iliyoanguka, wataiba.” Je, kumbe miti ni ya nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, zinaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kufaidi mapato yake. Mtu haibi chake. Na kama kuna mwizi kijijini, basi ashitakiwe yeye kwa jina lake, si kijiji kizima kifichwe habari za mali yake.

Wanasema: “Lazima tufanye haraka, mbao zitaoza.” Hoja hii ina ukweli wake huko ilikotoka. Mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba Vaia iliangusha zaidi ya hekta 40,000 za misitu kaskazini mwa Italia, na katika miaka iliyofuata wadudu walao magome walizaliana katika miti iliyoanguka, kisha wakashambulia hata iliyosimama. Huko kuchelewa kulikuwa hasara juu ya hasara. Lakini hiyo ni miti ya jamii ya misonobari, ya nchi za baridi. Nani hajui kwamba kiini cha mpingo kinaweza kulala chini kwa miaka na seremala bado akakigombania? Haraka iliyowafaa watu wa Italia isigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwapora watu wa Kilwa. Kwa miti inayooza upesi tutakubali haraka; kwa mpingo tunadai subira.

Wanasema, na hawa ni wetu wenyewe: “Dhoruba ni mapenzi ya Mungu, tunyamaze.” La hasha! Tusimsingizie Mwenyezi Mungu. Nabii Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo wa kupasua miamba, na Maandiko yanatuambia kwamba Bwana hakuwamo katika upepo ule. Dhoruba ni dhoruba. Lakini kibali cha kuvuna hakivumi kutoka baharini. Kibali huandikwa na mtu, kwa kalamu, mezani, na mtu huyo anaweza kuulizwa.

6. TUNADAI NINI?

Hatudai kwamba setilaiti zizimwe. Tunadai ramani ishuke chini. Wahenga walisema, aliye juu mngojee chini. Nasi tunamngojea, na haya ndiyo tutakayomwambia akifika.

Kwanza, tarehe. Ramani yoyote ya uharibifu iandikwe wazi siku zilipopigwa picha ya kabla na picha ya baada, na picha hizo zilingane kwa majira: masika kwa masika, kiangazi kwa kiangazi. Kwa mikoko iandikwe pia kama maji yalikuwa yamejaa au yamepwa. Ramani isiyo na tarehe ni barua isiyo na sahihi.

Pili, miguu. Kabla ramani haijaitwa ya kweli, watu wa ofisi husika waingie msituni pamoja na Kamati ya Maliasili ya kijiji, wakague sehemu kadhaa zilizopakwa nyekundu na sehemu kadhaa zilizopakwa kijani, na majibu yaandikwe: hapa ramani imesema kweli, hapa imekosea. Ukaguzi wa wekundu peke yake hautoshi, kwa maana nimekwisha kuonyesha kwamba kijani nacho hudanganya.

Tatu, lugha. Maelezo yawe ya Kiswahili, na nakala ibandikwe ofisi ya kijiji, si kwenye droo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa raia njia ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Tuitumie. Barua moja yenye adabu, yenye tarehe na nakala yake, ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Nne, uamuzi. Kibali cha kuvuna miti iliyoanguka katika msitu wa kijiji kisitolewe kwa nguvu ya ramani peke yake. Mkutano Mkuu wa Kijiji uamue, baada ya ukaguzi, kwa hesabu ya magogo yaliyopo na si kwa ukubwa wa eneo lililopakwa rangi. Mnaona tofauti? Anayepewa magogo 40 yaliyoanguka ataulizwa la 41 amelipata wapi. Anayepewa “eneo lililoharibika” hataulizwa kitu.

Tano, subira. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, hilo tunalijua. Lakini anayekula kamba na kaa wa mikoko hiyo, na ambaye nyumba yake inakingwa nayo dhidi ya mawimbi, ni mwananchi. Basi mikoko iliyopigwa isitangazwe kuwa imekufa mpaka misimu ya mvua ipite, picha irudiwe, na wavuvi waulizwe.

7. NASI TUJICHUNGUZE

Nisingekuwa mkweli kama ningemaliza kwa kuwanyooshea wengine kidole. Muhtasari wa mkutano usiofanyika hauandikwi na setilaiti. Huandikwa na mtendaji wa kijiji tunayemfahamu, hutiwa sahihi na wajumbe tunaowafahamu, na wengine kati yao hushika kapu la sadaka siku ya Bwana. Mikoko inayochomwa kuwa mkaa haichomwi na upepo. Na siku Kamati ya Maliasili inapoitisha doria, wangapi kati yetu tuna udhuru wa harusi?

Kama tunadai kwamba neno la mwenyeji lisikilizwe kwa sababu mwenyeji anaujua msitu, basi sharti aujue kweli. Mzee aliyeuliza swali lile ni wa kizazi kinachopita. Wajukuu wake, walio na simu mkononi, wengi wao hawajui kutofautisha mchu na mkandaa. Ikiwa hatutawafundisha, siku ya ramani inayofuata hapatakuwa na wa kucheka, na ofisi itakuwa na haki ya kusema kwamba kijiji hakijui kitu.

Tena vijana hao hao ndio tumaini. Picha zile ni bure. Mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta moja na intaneti anaweza kuziona. Hakuna kinachozuia parokia kuwakutanisha kijana ajuaye kufungua picha na mzee ajuaye kuisoma. Mmoja ataona wekundu. Mwingine atasema kama ni kifo au ni kiangazi. Siku watakapoketi meza moja, kijiji kitakwenda ofisini kikiwa na ramani yake, iliyokaguliwa kwa miguu yake, na mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

Huenda mnataka kujua yaliyotokea katika kijiji kile. Mkutano uliahirishwa. Kamati ilitembea msituni kwa siku tatu, ikahesabu miti iliyoanguka kwa kweli. Ilikuwapo, lakini ilikuwa michache sana kuliko ule wekundu ulivyosema, na mingi ilikuwa kando ya korongo ambalo ramani ililipaka kijani. Yule kijana alitembea nao siku zote tatu, na aliporudi alikuwa na malengelenge miguuni na heshima mpya moyoni. Mfanyabiashara hakuonekana tena. Labda amekwenda kijiji kingine, ambako swali la mwezi gani halijaulizwa. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, kijiji chetu kina msitu wake wa hifadhi? Mipaka yake inajulikana na nani, na ramani yake imehifadhiwa wapi?

2. Baada ya dhoruba au mafuriko ya mwisho, nani alikuja kuhesabu hasara ya misitu yetu? Tulipewa nakala ya alichoandika?

3. Ni nani katika Jumuiya yetu anayejua miti kwa majina na tabia zake? Tumempangia siku gani ya kuwafundisha vijana?

4. Mara ya mwisho Mkutano Mkuu wa Kijiji kujadili mapato ya msitu ilikuwa lini? Kama hatujui, nani kati yetu atauliza, na tarehe gani?

Katibu wa kila Jumuiya aandike majibu na kuyawasilisha kwa Halmashauri ya Walei ya kigango. Tusiandike tu kwamba “tulijadili kwa kirefu”. Tuandike nani atafanya nini, na lini.

Tumsifu Yesu Kristo.